Mto unapochafuka: kutafuta chanzo shambani na kukiziba

Maji machafu ya mto hayana dawa moja. Udongo husafiri juu ya ardhi pamoja na maji ya mvua. Naitreti, yaani naitrojeni ya mbolea na kinyesi iliyoyeyuka majini, hupenya chini kwa chini hadi kwenye visima na chemchemi. Viuatilifu mara nyingi huingia mtoni moja kwa moja, kutoka kwenye ndoo ya mtu anayeosha bomba lake la kupulizia dawa. Anayechimba makingamaji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia maji shambani, ili kutibu naitreti anapoteza nguvu zake, na huenda akazidisha tatizo, maana makingamaji hufanya maji mengi zaidi yazame ardhini. Kazi ya kwanza, basi, ni kujua uchafu ulipita wapi.

Mwongozo huu unafuata hali ya milima ya Uluguru, Morogoro, inakoanzia mito ya Mgeta, Mfizigo, Mbezi na Ngerengere kabla ya kuungana na Ruvu, mto unaolisha mitambo ya maji ya Dar es Salaam. Wakulima wa Lushoto, Meru au Murang'a watakuta mengi yanafanana na ya kwao.

Vipimo vya kuanzia

Tafuta chupa sita za plastiki zinazoonyesha ndani, za ujazo unaolingana, kalamu ya wino usiofutika, na ndoo nyeupe uliyoichora msalaba mweusi kwenye kitako. Mvua ikinyesha kwa nguvu, anza chini ya mto na upande juu. Kila mkondo unapoingia, chota chupa moja kutoka mkondoni na nyingine kutoka mto mkuu, juu kidogo ya mahali vinapokutana. Andika mahali na saa. Usichote pembeni maji yalipotulia. Chota katikati, huku mdomo wa chupa ukielekea maji yanakotoka.

Msalaba unakupa namba ya kulinganisha. Mimina maji ndooni kidogo kidogo mpaka msalaba upotee machoni, kisha pima kina kwa rula. Mkondo mmoja msalaba ukipotea kwenye sentimita 6 na mwingine kwenye sentimita 25, umeshajua bonde la kwenda kukagua kesho. Rudia kipimo hicho mahali palepale, kwa mtu yuleyule ikiwezekana, kwa kuwa macho hutofautiana.

Chupa nazo ziache zitulie bila kuguswa kwa siku nzima. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi. Tope laini huchukua saa kadhaa. Mfinyanzi hubaki ukielea hata baada ya saa 24. Kisha tazama rangi ya kilichotua: cheusi au cha kahawia iliyokolea ni udongo wa juu wenye mboji, yaani umetoka kwenye mashamba yanayolimwa. Chekundu au cha njano iliyopauka kimetoka chini zaidi: korongo, kingo za mto zinazobomoka, machimbo au barabara. Katika nchi yenye udongo mwekundu hata juu, chukua konzi ya udongo wa shambani na konzi ya udongo wa barabarani, kila moja uikoroge kwenye chupa yake, ndipo ulinganishe.

Dalili: tope jingi saa chache baada ya mvua, kisha maji yanaanza kuwa safi

Ikiwa kilichotua ni cheusi, shamba liko wazi. Sababu moja kubwa ni kuchoma mabaki ya mazao na majani kabla ya mvua. Mvua za kwanza za vuli au za masika zinakuta udongo mtupu, matone yanaupasua, vipande vidogo vinaziba matundu yake, na maji yasiyo na pa kuzama yanateremka. Udongo ukifunikwa hata kwa asilimia 30 tu, mmomonyoko hupungua kwa zaidi ya nusu. Kupima ni rahisi: chukua kamba yenye mafundo 100, itandaze kwa mshazari shambani, uhesabu ni mafundo mangapi yamegusa bua au jani. Chini ya 30, ongeza matandazo au panda maharage, fiwi au mkunde katikati ya mistari.

Ikiwa kilichotua ni chekundu, acha kwanza kumlaumu mkulima na ufuate barabara na njia za miguu. Mtaro wa barabara hukusanya maji ya mteremko mzima na kuyamwaga sehemu moja, kwa kasi inayotosha kuchimba korongo. Dawa yake ni kutoa michepuko: kila mita 20 hadi 50, kadiri mteremko unavyokuwa mkali, chimba mfereji mfupi unaoyatoa maji mtaroni na kuyatawanya kwenye majani au migomba. Usiuelekeze mchepuko kwenye shamba la jirani ambalo halina makingamaji. Ugomvi mwingi wa mipaka huanzia hapo.

Korongo lililokwisha kufunguka hutibiwa kuanzia kichwani, si mdomoni. Geuza kwanza maji yanayoingia juu, ndipo uweke vizuio vya mawe au vya fito ndani yake. Kizuio kiwe na tumbo, yaani katikati pawe chini kuliko kando, na kizame kwenye kuta za korongo angalau nusu mita kila upande. Kizuio kilichonyooka huyasukuma maji pembeni, nayo yanakizunguka na kulipanua korongo. Kitako cha kizuio cha juu kilingane kwa kimo na tumbo la kizuio cha chini yake.

Dalili: makingamaji yapo, lakini yanapasuka

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri inapoharibika, na mara nyingi kosa ni la vipimo.

Makingamaji lazima yafuate kontua, yaani mstari wa usawa unaokata mteremko bila kupanda wala kushuka. Fremu ya A inatosha: miti miwili ya mita 2, mti mmoja wa kuunganisha katikati, na timazi, yaani uzi wenye jiwe unaoning'inia kutoka kileleni. Isimamishe fremu, tia alama uzi unapogusa mti wa kati, kisha badilisha miguu, kila mmoja ukanyage ulipokuwa mwenzake, na utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Usiporekebisha fremu hivi, kosa dogo litajirudia kila hatua, na baada ya mita 50 tuta zima litakuwa limelalia upande mmoja. Maji yatakusanyika hapo na kupasua.

Makingamaji ya aina ya fanya juu huhitaji mtaro wa sentimita 60 kwa upana na 60 kwa kina, udongo ukitupwa upande wa juu. Kati ya mtaro na tuta acha nafasi ya sentimita 15 hadi 30, la sivyo tuta litaporomokea mtaroni. Umbali kutoka tuta hadi tuta hupatikana hivi: gawa asilimia ya mteremko (mita ambazo ardhi inashuka kwa kila mita 100 za umbali wa kulala) kwa 4, jumlisha 2, zidisha kwa 0.3. Jibu ni tofauti ya kimo kwa mita. Kwa mteremko wa asilimia 10, tofauti ya kimo ni mita 1.35, na umbali wa kulala ni mita 13.5. Kwa asilimia 20 ni mita 2.1, umbali mita 10.5. Kwa asilimia 30 ni mita 2.85, umbali mita 9.5. Wanaopanua nafasi ili kuokoa nguvu hugundua kwamba mtaro mmoja umebebeshwa maji ya mitaro miwili.

Ukikuta tuta limepasuka, kagua mambo haya. Je, maji yanaingia kutoka nje ya shamba, mathalani barabarani? Basi juu ya tuta la kwanza panahitajika mtaro wa kukinga wenye mteremko mdogo sana, nusu mita kwa kila mita 100, unaoishia kwenye njia ya maji iliyooteshwa majani. Je, ndani ya mtaro kuna vikingo? Acha kizibo cha udongo kila mita 5 hadi 10, chini kidogo kuliko tuta, ili maji yasikimbie kuelekea upande mmoja. Je, tuta lina majani? Tuta tupu halimalizi masika. Panda mabingobingo au guatemala, au vetiva kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya shina na shina. Mabingobingo yasipokatwa kwa ajili ya ng'ombe hutia mahindi kivuli na mizizi yake huingia shambani, hivyo asiye na mifugo heri apande vetiva. Tazama pia mashimo ya fuko. Tundu moja linatosha kuanzisha mpasuko.

Kuna mahali ambapo makingamaji ya kuzuia maji hayafai kabisa. Februari 1970 mvua kubwa ya saa chache ilisababisha maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000 katika eneo la Mgeta, karibu yote kwenye mashamba na majani, machache mno msituni. Udongo wa huko ni mwembamba juu ya mwamba. Ukiujaza maji kwa mitaro, unaongeza uzito na utelezi mahali palipo tayari kuteleza. Penye nyufa za nusu duara, miti iliyoinama au chemchemi zinazojitokeza ghafla, yaondoe maji kwa mtaro wenye mteremko, upande miti yenye mizizi ya kina.

Na matuta ya ngazi? Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuyachimba, na mwaka 1955 wananchi wakakataa hadharani. Sababu moja ilikuwa ya kitaalamu: uchimbaji uliufukia udongo wa juu na kuleta juu udongo usio na rutuba, mavuno yakashuka. Ukitaka ngazi kwenye udongo mwembamba, ondoa kwanza udongo wa juu uuweke kando, sawazisha, kisha uurudishe. Au anza na mistari ya majani kwenye kontua, ngazi ijijenge yenyewe mwaka hadi mwaka. Njia hii inachelewa, lakini mavuno hayaanguki. Mteremko ukizidi asilimia 50, mahindi na maharage hayana nafasi hapo. Karafuu, mdalasini, iliki chini ya kivuli, pilipili manga na migomba hustawi Uluguru na hulipa bila jembe kugeuza udongo kila msimu.

Dalili: maji ya tope hata kiangazi

Mvua haipo, kwa hiyo chanzo kimo mtoni au kimepakana na mto. Panda mto asubuhi, halafu panda tena mchana. Maji yakiwa safi alfajiri na machafu kuanzia saa nne, kuna mkono wa mtu au kwato za mnyama: ng'ombe wanaonyweshwa, mchanga unaochotwa, dhahabu inayooshwa, matofali yanayofyatuliwa, au bustani za bondeni zinazolimwa mpaka ukingoni. Yakiwa machafu saa zote, tazama kingo zinazomeguka.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto shughuli za kudumu, au zile zinazoweza kuharibu hifadhi ya mto huo. Wenye bustani ya kabichi inayoishia majini husikia namba hiyo kama hukumu. Panapokuwa na mvutano, anzeni na mita zilizo karibu zaidi na maji, maana ndizo zinazobomoka: miti ya asili kama mkuyu ukingoni, vichaka nyuma yake, na upande wa shamba ukanda mnene wa majani. Usifyeke majani chini ya miti. Miti mirefu juu ya ardhi tupu haizuii kitu, kwa sababu tone linalodondoka kutoka jani la juu huchimba udongo vilevile. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi.

Ukanda wa majani huchuja maji yanayotiririka kwa upana na wembamba. Maji yaliyokwisha kukusanyika kwenye kijito hupita katikati yake bila kuchujwa. Ukiona majani yamelala mahali pamoja na tope limepita, chimba mtaro mfupi wa kina cha sentimita 20 sambamba na kontua, upande wa juu wa ukanda, ili maji yajae na kufurika kwa upana.

Dalili: lambo au bwawa limegeuka kijani

Chomeka kijiti majini na ukiinue. Kikitoka na nyuzi nyuzi zinazoning'inia, huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa utando kama rangi ya mlango, huenda ni ule mwani wa kijani-bluu ambao baadhi ya aina zake hutoa sumu. Waondoe watoto na mifugo mara moja, na msiyanywe maji hayo hata yakichemshwa: kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Mwani hulishwa na fosforasi na naitrojeni. Fosforasi hung'ang'ania chembe za udongo, ndiyo maana bwawa linalopokea tope hupokea na mbolea, na ndiyo maana tiba ya tope ni nusu ya tiba ya mwani. Nusu ya pili ni jinsi mbolea inavyotumika. DAP, mbolea ya kupandia yenye fosforasi na naitrojeni, ikirushwa juu ya udongo, mvua ya kwanza huondoka nayo. Iwekwe shimoni, sentimita 5 hivi kando ya mbegu au chini yake, na ifukiwe. Kifuniko cha soda hubeba takribani gramu 5, kipimo kinachotosha shimo moja la mahindi.

Kwenye mboga, chunguza mbolea ya kuku. Ina fosforasi nyingi, na mkulima anayeimwaga kila msimu pamoja na DAP analisha bwawa kuliko kabichi. Pima udongo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, palepale Morogoro, kina maabara. Fosforasi ikionekana ya kutosha, acha DAP na utumie mbolea yenye naitrojeni peke yake. Rundo la samadi liwe juu ya sakafu iliyoshindiliwa, lizungushiwe kingo ya sentimita 20, lifunikwe turubai, na liwe mbali na njia ya maji.

Dalili: maji ya kisima ni maangavu, lakini kipimo kinaonyesha naitreti

Hii ni dalili ambayo jicho, pua na ulimi haviioni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaolishwa maziwa ya chupa, ambao naitreti huifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapopungua sufuriani, naitreti inazidi kukolea.

Tofautisha vyanzo. Kisima kimoja tu kikiwa na naitreti, na pia kikikutwa na bakteria wa kinyesi, angalia zizi au choo kilicho juu yake kwenye mteremko. Nafasi ya mita 30 ndiyo ya chini kabisa, na zaidi pale udongo ulipo wa mchanga. Visima vingi vikipanda kwa pamoja wiki chache baada ya kuweka mbolea ya kukuzia, ni urea ya mashambani. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni, na mahindi machanga hayawezi kuzitumia zote kwa mkupuo. Gawa: nusu mimea inapofika magotini, nusu kabla ya kutoa mbelewele. Fukia kila mara. Tabiri za Mamlaka ya Hali ya Hewa zikionyesha mvua kubwa ndani ya siku mbili, subiri. Baada ya mavuno usiache shamba tupu; mimea ya kufunika hufyonza naitreti iliyobaki kabla mvua haijaizamisha.

Dalili: samaki wanakufa

Saa na ukubwa vinaeleza mengi. Samaki wakubwa wakitangulia kufa alfajiri, huku wengine wakihema juu ya maji, oksijeni imekwisha: kuna samadi nyingi au mwani unaooza. Samaki wadogo, kaa na kamba wakitangulia, wakati wowote wa mchana na mara baada ya kupulizia, shuku kiuatilifu. Dawa za jamii ya pairethroidi huua samaki kwa kiasi kidogo mno.

Pasipo na samaki, geuza mawe kumi mtoni, juu na chini ya shamba. Wadudu wadogo bapa wenye mikia miwili au mitatu wakiwepo juu na wakikosekana chini, kuna kitu kinachowaua hapo katikati.

Changanya dawa mbali na mto, kwa zile mita 60. Maji ya kujazia bomba yachotwe kwa ndoo isiyowahi kushika dawa. Ukimaliza, suuza bomba mara tatu kwa maji kidogo, na kila suuzo ulipulizie kwenye zao lilelile. Chupa tupu nayo isuuzwe mara tatu, maji yake yaingie kwenye bomba, kisha itobolewe isije ikatiwa mafuta ya kula.

Dalili: kinyesi majini, kuhara kijijini

Ng'ombe mmoja hunywa lita 30 hadi 50 kwa siku, kwa hiyo birika la ng'ombe kumi lipokee lita 500. Vuta maji kwa bomba kutoka juu ya mkondo, birika likae mbali na ukingo, chini yake pamwagwe mawe, na maji yanayofurika yaelekezwe kwenye majani. Bila mawe, patakuwa tope ndani ya mwezi mmoja na ng'ombe watarudi mtoni wenyewe. Sampuli ya kupima bakteria ibebwe kwenye chupa iliyotakaswa, ikiwa kwenye barafu, na ifike maabara ndani ya saa 24.

Yote yamefanyika, maji bado machafu

Tope la miaka iliyopita limelala kwenye sakafu ya mto, na kila mafuriko hulinyanyua upya. Naitreti iliyokwisha kuzama huchukua miaka kutoka. Endeleeni na kipimo cha msalaba mahali palepale kila masika na kila vuli, na mkipeleke Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, Morogoro, kikiwa na tarehe, saa na mahali. Malalamiko yenye vipimo vya misimu mitatu, juu na chini ya barabara au machimbo yanayoshukiwa, yanaonyesha mkaguzi aanzie wapi.